Mshauri wa Mbali, Stoo ya Magodoro

Kazi yangu ni kusoma. Nasoma taarifa ya habari ya mchana katika redio moja ndogo hapa Tabora, nasoma bei za mazao, nasoma salamu za wasikilizaji, na habari zikiisha nasoma matangazo ya vifo. Nilianza kazi hii wanangu wakiwa bado hawajaenda shule, na sasa mkubwa ananyoa ndevu. Mjini watu hawanijui kwa sura. Naweza kusimama sokoni nikachagua nyanya na hakuna anayenitazama, mpaka nifungue mdomo kuuliza bei. Hapo mwenye nyanya huinua uso na kusema, "Wewe si yule mama wa vifo?" Mwanzoni nilikuwa naona haya. Baadaye nikaona ni sifa kama sifa nyingine.

Simu zipo, makundi ya familia kwenye simu yapo, lakini huku kwetu msiba haujakamilika mpaka usomwe redioni. Kuna wazee walioko mashambani Ulyankulu ambao mtandao hauwafikii, kuna warina asali walioingia porini, kuna ndugu waliotawanyika kuanzia hapa mpaka mwisho wa reli kule Kigoma. Njia ile ile waliyopita wapagazi na mizigo ya pembe kichwani, leo sauti yangu inapita bila mzigo. Ninasema, "Habari ziwafikie," kisha nataja watu na vijiji, na nimewahi kuambiwa na mtu kwamba alikuwa juu ya mti akishusha mzinga aliposikia kwa sauti yangu kuwa baba yake hayupo tena.

Mama yangu alikuwa akiishi Kaliua, nyumba ya karibu na stesheni. Alifariki asubuhi moja ya kiangazi, akiwa amekaa kwenye kiti chake anachambua mchele. Kaka yangu ndiye aliyenipigia. Nilikuwa najiandaa kwenda kazini. Hakulia, na mimi sikulia. Alisema, "Mama ametutoka. Mazishi kesho baada ya adhuhuri. Tangazo lisomwe leo ili watu wawahi." Akaanza kunitajia majina ya ndugu mmoja mmoja, nami nikiyaandika nyuma ya bahasha, nimesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni.

Studio, fundi mitambo wetu aliniuliza, "Dada, nimwite mwingine asome?"

Nikamwambia, "Mama yangu atasomwa na nani kama si mimi?"

Nikasoma. Sikutetemeka, sikujikwaa kwenye neno lolote. Nilipomaliza nikasoma tangazo la msiba mwingine uliofuata, wa mzee mmoja wa Sikonge, kisha nikaaga wasikilizaji kama kawaida, nikapanda gari la kukodi na mume wangu mpaka Kaliua. Msibani watu walinipa pole na papo hapo wakanisifu. "Umemsoma vizuri mama yako." "Hukutikisika hata kidogo." Mjomba wangu mmoja alinishika mkono akasema angependa na yeye siku yake ikifika nimsome vile vile. Nilijisikia kama mtu aliyefanya kazi yake.

Tukasoma hitima, tukamaliza arobaini, nikarudi kwenye ratiba yangu. Mvua zikanyesha, zikakatika. Kisha mchana mmoja, nikiwa katikati ya tangazo la bibi mmoja wa kijiji cha mbali nisichokijua, koo likafunga. Sijui nieleze vipi. Halikuwa kohozi wala ukavu. Lilikuwa kama mlango uliovutwa kwa ndani. Moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikawa vya baridi, na nikaamini kabisa kwamba nakufa pale pale mbele ya maikrofoni. Hewani kukawa kimya. Fundi mitambo akaweka kaswida haraka, akaingia na kikombe cha maji. Tukawaambia wasikilizaji kuwa mtangazaji ana mafua.

Juma lililofuata ikatokea tena, na tena. Habari nilisoma bila shida. Bei ya karanga nilisoma. Nikifika kwenye vifo tu, mlango unavutwa. Mkuu wa kituo, mtu mpole, akampa mwenzangu matangazo ya vifo "kwa muda". Nilimshukuru, nikaenda chooni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Cheyo, jambo haliwezi kufichika. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuja na kombe kutoka kwa mwalimu wake wa madrasa, aya zilizoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Nikanywa kwa heshima na kwa imani, na usiku ule nililala vizuri. Lakini studio, kila nilipojaribu kusoma tangazo la kifo, mlango uliendelea kufungwa. Shangazi hakukasirika. Alisema, "Basi nenda na hospitali. Dua haimkatazi mtu kwenda hospitali."

Daktari aliyenipokea alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanangu. Aliniamkia shikamoo, akanitazama koo kwa taa, akanipima moyo, akanipeleka vipimo vya damu. Majibu yalipotoka alivuta kiti chake akakaa upande wangu wa meza.

"Mama, koo lako ni zima. Moyo wako pia. Lakini sisemi kwamba huumwi."

"Sasa naumwa nini?"

"Hebu niambie, haya yalianza lini, na kabla yake kulitokea nini?"

Nikamwambia habari za mama. Akasema mwili wakati mwingine husema kile ambacho mtu hajapata nafasi ya kukisema, na kwamba wapo watu waliosomea kuzungumza na wagonjwa wa namna yangu. Akaniandikia nimwone mshauri nasaha wa pale pale hospitali.

Yule mshauri alikuwa mtu mwema, na namtaja kwa wema. Nilikaa mbele yake, nikasema sentensi moja, naye akaweka kalamu chini. "Samahani mama," akasema, "ni hiyo sauti. Ndiyo iliyomsoma baba yangu." Akatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yamejaa. Tukazungumza habari za baba yake. Nikampa pole. Nilipotoka kulikuwa na kina mama wawili kwenye benchi waliokuwa wamenisikia nikisalimia, na mmoja akaniuliza kama naweza kumpelekea tangazo la shukrani kituoni.

Nikamrudia daktari, nikamwambia ukweli. Katika mji huu karibu kila mtu nimemsomea msiba wake. Nikikaa na mtu wa hapa kumwambia wangu, yeye anakumbuka wa kwake.

Daktari akafikiri. "Basi mtafute wa mbali. Wapo wanaofanya kwa simu na mtandaoni. Ila mama, usimchukue wa kwanza kwa sababu tu ndiye wa kwanza. Muulize amesomea wapi. Muulize anatunza vipi siri zako. Na ukiona hamwendani, una haki ya kumwacha. Siyo utovu wa adabu."

Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua. Mimi ni mtu wa Tabora. Kumwambia mtu usoni kwamba simtaki, sijawahi kulifanya hata kwa fundi aliyeniharibia gauni.

Mume wangu anauza magodoro. Duka lake liko karibu na soko, na nyuma yake kuna stoo isiyo na dirisha, magodoro yamepangwa kutoka sakafuni mpaka juu kuzunguka kuta zote. Nilipomwambia natafuta mahali pa kuzungumza na mshauri bila watoto, shangazi na majirani kusikia, alikuna kichwa, akanichukua mkono, akanipeleka huko. Akafunga mlango, akaniambia, "Sema kitu." Nikasema. Sauti ilinywewa na sponji yote ile; hakukuwa na mwangwi hata kidogo. Nimefanya kazi studio miaka mingi, na naapa stoo ile ni tulivu kuliko studio yetu. Akaweka godoro dogo la mtoto juu ya lingine ili nipate kiti, akaahidi kuwaambia wateja kwamba stoo inapangwa upya.

Mshauri wa kwanza nilimchagua kwa woga. Nilitaka mtu asiyenisikia kabisa, kwa hiyo nikajiunga na huduma ya kuandikiana tu. Nikatoa jina lisilo langu. Niliandika aya ndefu, kwa uangalifu, kama ninavyoandika habari. Jibu likaja kabla sijavuta pumzi: "Pole sana kwa unayopitia. Naelewa unavyojisikia. Hisia zako ni halali." Nikaandika tena, zaidi. "Asante kwa kunishirikisha. Naelewa unavyojisikia." Nikaandika kwamba mama yangu alifariki akichambua mchele na kwamba wale waliofika kunipa pole walikuja kuula mchele ule ule. Nikajibiwa kwamba chakula bora ni muhimu wakati wa huzuni.

Nikauliza, "Samahani, wewe ni mtu?"

Likaja jibu: "Naelewa wasiwasi wako."

Mpaka leo sijui. Nilicheka peke yangu kwenye stoo mpaka mume wangu akagonga kuuliza kuna nini. Lakini nikitembea kurudi nyumbani nikagundua nimejifunza jambo moja: nilikuwa nimeificha sauti yangu, na kumbe sauti ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Ni kama kwenda kwa daktari wa meno ukiwa umefunga mdomo.

Wa pili alikuwa Dar es Salaam, kijana mwenye shahada mbili, niliyempata kupitia tangazo la wataalamu wa afya ya akili. Huyu tulionana kwa video. Nyuma yake kulikuwa na rafu ya vitabu na ua la plastiki. Aliniamkia vizuri, akanieleza alikosomea bila kuona vibaya nilipouliza, na Kiswahili chake kilikuwa kila baada ya maneno matatu kinavuka kwenda Kiingereza na kurudi. Nilikuwa namwelewa; Kiingereza nakisoma kazini. Ila nilipomjibu ilibidi nami nivuke, na huzuni yangu haikuwa na Kiingereza. Nikitaka kusema kwamba moyo umesononeka, nilikuwa namtafutia neno la kumrahisishia, na neno likipatikana moyo umeshasogea pengine.

Alinifundisha kupumua: kuvuta kwa tumbo, kushikilia, kuachia taratibu. Hilo lilinifaa, na bado nalitumia. Lakini kila tulipofika kwa mama yeye aliniwekea malengo ya wiki. Wiki moja lengo lilikuwa kutembea kila asubuhi. Wiki nyingine kulala mapema. Kwenye kikao cha tatu au cha nne akaniambia, kwa nia njema kabisa, "Mama, kwa nini usihamie kwenye michezo? Unasoma matokeo ya mpira, stress inaisha."

Nikamtazama kwenye kioo cha simu. Alikuwa ananionyesha njia ya kutoka, na mimi sikutaka kutoka. Nilitaka kurudi ndani.

Niliahirisha kikao kilichofuata kwa kisingizio cha bando. Nikaahirisha kingine kwa kisingizio cha mgeni. Mume wangu aliyaona hayo, akaniuliza tukila mchana, "Yule kijana hakufai?"

"Ni mzuri. Hana ubaya."

"Sijakuuliza kama ni mzuri. Mimi nina magodoro mazuri sana, lakini mwenye mgongo mbovu simuuzii laini."

Nikamcheka kwamba kila jambo kwake ni godoro. Lakini siku ile ile nilirudi stoo, nikampigia yule kijana, na kabla hajaniamkia sawasawa nikayatoa yote niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi njiani. Nikamwambia namshukuru, kupumua kumenisaidia, ila nahitaji mtu atakayezungumza nami Kiswahili mwanzo mwisho, nimsikie bila kutazamana, asiniharakishe, na asinihamishe kwenye kazi yangu. Nahitaji mtu wa kuzungumza naye habari za mama. Nilipomaliza jasho lilikuwa linanitoka.

Yeye akacheka kidogo, si kwa dharau. "Mama, umenieleza vizuri kuliko vikao vyetu vyote. Ungeniambia mapema."

"Nilikuwa sijajua mwenyewe."

"Hakuna shida kabisa. Si kila mtu ni wa kwangu. Nina mwenzangu mmoja yuko Iringa, yeye kazi yake kubwa ni watu waliofiwa. Nikutumie namba?"

Nilikaa pale juu ya godoro nikiwa na simu mkononi, nikashangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, au kwa lawama, au angalau kwa ubaridi. Kumbe kusema ulichohitaji ndiko kulikofungua mlango wa pili. Kuanzia pale nadhani ndipo nilipoanza kupona, kabla hata sijamsikia yule mama wa Iringa.

Yeye alikuwa mtu mzima, umri wangu au zaidi kidogo, na alizungumza taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Mara ya kwanza alisema tusihesabu kuwa ni kikao. Tufahamiane tu, kisha kila mmoja aende akafikirie. Nikamuuliza maswali yangu yote. Alikosomea akanitajia. Nikauliza kama nitakayosema yatabaki kwake.

"Yatabaki kwangu," akasema. "Isipokuwa ukiniambia unataka kujidhuru, au kumdhuru mtu. Hapo nitakuambia wewe kwanza, kisha nitatafuta msaada. Nakwambia leo ili usije ukaona nimekugeuka."

"Na ukiona mimi sikufai?"

"Nitasema. Na wewe ukiona mimi sikufai, useme. Tusioneane haya, maana haya ndiyo inayopoteza muda wa watu."

Nikampa jina langu la kweli.

Halikumwambia chochote. Hajawahi kufika Tabora, hajawahi kunisikia hewani, hakuwa na marehemu hata mmoja aliyepita mdomoni mwangu. Ilinibidi nimweleze kila kitu tangu mwanzo: matangazo ya vifo ni nini, kwa nini vijiji vinatajwa, ni nani anayeyaleta kituoni. Alikuwa anauliza maswali ya mtu ambaye kweli hajui na kweli anataka kujua. "Wakileta tangazo, wanakaa kukusubiri usome?" "Wewe unawatazama?" Nikamwambia wengine hukaa kwenye benchi pale nje ya studio na redio ndogo, wanasikiliza, nikimaliza wanainuka wanaondoka. Sikuwahi kumwambia mtu hilo kabla, kwa sababu hapa hakuna asiyelijua.

Jambo jingine, alijua kukaa kimya. Mimi ni mtu wa redio. Kimya kwetu ni ajali. Kikipita muda kidogo tu fundi mitambo anaanza kukimbia. Yeye alikuwa akiuliza jambo, ananiacha. Nilikuwa nasikia mvua kwenye bati la nyumba yake, nasikia jogoo, nasikia pumzi yake, na hakuwa na haraka ya kuijaza ile nafasi. Mara ya kwanza nilidhani mtandao umekatika. "Haloo?" nikasema. "Nipo," akajibu. Akaendelea kunyamaza. Baadaye nilianza kuusubiri ule ukimya, kwani ndimo maneno yangu yalimokuwa yakitokea.

Aliniuliza kuhusu imani yangu. Nikamwambia mimi ni Mwislamu, naye akasema yeye ni Mkristo, na kwamba kama kuna sala au dua inayonipa nguvu niilete kwenye mazungumzo, yeye hatanifundisha wala hatanikosoa. Nikamweleza habari ya kombe la shangazi nikitegemea atacheka. Akasema, "Shangazi yako anakupenda sana." Ni kweli. Nilikuwa nimelitazama kombe kama dawa iliyoshindwa, sikuwahi kulitazama kama safari ya mama mzee jua kali, sahani mkononi, mpaka kwangu.

Tulikuwa tumezungumza wiki kadhaa aliponiuliza kama naweza kumsomea tangazo la mama yangu.

"Kwa sauti gani?" nikauliza.

"Ile ile ya kazini."

"Koo litafunga."

"Likifunga tutasubiri. Hapa hakuna wasikilizaji, ni mimi tu, na mimi siendi popote."

Ile bahasha nilikwisha kuitupa zamani, lakini tangazo nilikuwa nalikumbuka neno kwa neno. Nikakaa wima kama ninavyokaa studio. Nikaanza: familia ya fulani wa Kaliua inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa. Nikataja jina lake. Koo likaanza kubana. Nikapumua kwa tumbo, kama alivyonifundisha yule kijana wa Dar es Salaam. Nikaendelea. Habari zimfikie kaka yake aliyeko Urambo. Ziwafikie wajukuu walioko Mpanda. Zimfikie dada yake wa Ulyankulu. Ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo. Nikamaliza.

Kimya. Mvua haikuwepo siku ile.

Kisha akauliza, "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Nimesikia kaka, dada, wajukuu. Binti yake wa Tabora hakutajwa?"

Nikamwambia alitajwa. Kaka yangu aliponisomea majina kwenye simu aliniweka na mimi: habari zimfikie binti yake aliyeko Tabora. Mimi ndiye niliyeliruka. Lilionekana jambo la kipuuzi, mtangazaji kujitangazia mwenyewe. Nilikuwa tayari najua.

"Ulikuwa unajua," akasema taratibu. "Lakini habari zilikufikia?"

Nilisikia kitu kikipanda kutoka tumboni, na nikakisubiri kifunge mlango kama kawaida. Hakikufunga. Kikapita. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, nimelalia magodoro, simu pembeni yangu imewashwa spika, na yule mama wa Iringa hakusema nyamaza, hakusema kifo ni cha wote, hakusema chochote. Alikuwa tu anasema "Nipo" kila baada ya muda. Nilipotulia aliniomba nisome tena, safari hii nisiruke. Nikasoma. Nilipofika kwa binti yake aliyeko Tabora sauti ilivunjika, nikaiacha ivunjike, nikaendelea nayo hivyo hivyo mpaka mwisho.

Nilipofungua mlango wa stoo mume wangu alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza mlangoni. Amefunga duka mchana kweupe. Alikuwa amesikia, kumbe magodoro nayo yana kikomo.

"Umelia," akasema.

"Nimelia."

"Alhamdulillah," akasema, akaenda kuninunulia soda.

Sikurudi kwenye vifo mara moja. Yule mama alisema hakuna anayenikimbiza, na mkuu wa kituo alisema hivyo hivyo. Tulianza kidogo kidogo. Nilikuwa nakuja mapema nasoma matangazo peke yangu kabla ya kipindi, maikrofoni imezimwa, fundi mitambo yuko upande wa pili wa kioo anajifanya anatengeneza nyaya. Siku nyingine sauti ilibana, nikasimama, nikangoja, ikaachia. Nilijifunza kwamba kusimama si kufa. Msomaji anaweza kunyamaza kidogo baada ya jina la marehemu, na wanaosikiliza hawaoni kasoro. Wanaona heshima.

Siku niliyorudi hewani lilikuwa tangazo moja tu, la mzee wa kijiji cha huku huku Uyui. Nilikunywa maji, nikapumua, nikasoma. Moyo ulikwenda mbio kidogo kisha ukatulia, kama mtu aliyekimbilia gari na kulikuta bado lipo. Nilipotoka studio, kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mwanamke mwenye mtandio mweusi na redio ndogo mapajani. Zamani ningempita nikiinamisha kichwa. Safari hii nikakaa pembeni yake.

"Pole sana," nikamwambia.

"Tumeshapoa. Ahsante kwa kumsoma."

"Alikuwa nani kwako?"

"Baba." Kisha akaongeza, "Alikuwa mkali, lakini alikuwa anatuimbia." Akanieleza habari za baba yake mpaka fundi mitambo akaja kunitafuta.

Tangu hapo nimeulizwa na watu kadhaa, kwa siri, kwa kunong'ona kwenye foleni na kwenye harusi, nilimpata vipi huyo mshauri. Mwanzoni nilikuwa natoa namba tu. Siku hizi siitoi kabla sijamuuliza mtu, wewe unataka nini? Unataka kuonwa au hutaki? Unataka mtu wa kukuelekeza, au wa kukusikiliza? Lugha gani unalilia? Wengi hawajui, kama mimi nilivyokuwa sijui. Nawaambia waanze na yeyote aliyesomea kazi hiyo, na wasiogope kumwacha. Dada mmoja nilimpa namba ya yule kijana wa Dar es Salaam, akaniletea shukrani baadaye: malengo ya wiki ndiyo hasa aliyokuwa akiyahitaji.

Vikao vyetu na yule mama wa Iringa vilianza kuachana. Kutoka kila wiki vikawa mara moja kwa mwezi. Juzi, siku ya kikao, nilimpigia nikamsalimia, akauliza nina nini cha kuzungumza. Nikafikiri kwa dhati, nikakosa. Nikamwambia watoto ni wazima, kazi inaenda, shangazi ana mafua.

"Basi tusijilazimishe," akasema. "Chukua hiyo saa yako ukaitumie."

Tukaagana. Nikatoka stoo, nikampita mume wangu aliyekuwa anambembeleza mteja, nikatembea kwenda nyumbani taratibu. Jirani yangu alikuwa amekaa barazani anamenya karanga. Akanisogezea ungo, nikakaa, tukamenya na kuzungumza habari za mvua na za harusi ya mtoto wa mtu tunayemjua wote, mpaka adhana ya alasiri ikatukuta bado tunacheka.